Tableti Haiingizi Chaji: Maswali Ambayo Mafundi wa Nairobi Huulizwa Kila Siku

Mteja akiweka tableti kwenye kaunta, kauli ya kwanza huwa ile ile: "Fundi, betri imekufa." Betri huhukumiwa kabla haijasikizwa. Lakini kabla stima ifike kwenye betri hupitia soketi, kichwa cha chaja, waya, tundu la kuchajia na bodi ya ndani, na tunaokaa kwenye kaunta hizi za mjini hukuta hitilafu kwenye waya na tundu mara nyingi kuliko kwenye betri yenyewe. Majibu haya yanaanza na yale usiyohitaji kulipa senti kuyajaribu. Ikiamka ukiwa katikati ya ukurasa, acha kusoma uendelee na shughuli zako.

Nimeichomeka na skrini ni nyeusi tii. Imekufa?

Huenda imelala tu. Betri za tableti ni za lithiamu-ioni, na seli moja ya aina hiyo hufanya kazi kati ya volti 3 hivi na 4.2 au zaidi kidogo. Ikishuka sana, saketi ya ulinzi iliyoshikanishwa na betri hukata njia ili seli isiharibike. Ukiichomeka baadaye, chipu ya chaji haimwagi nguvu zote mara moja. Huingiza kidogo kidogo mpaka seli ipande tena hadi volti 3 hivi, na muda huo wote skrini haina cha kukuonyesha.

Iache kwenye chaja nzuri ya ukutani, si kwenye laptopu, kwa nusu saa angalau. Kama ilikaa miezi bila kuguswa, ipe saa kadhaa. Na tafadhali usiibonyeze kila dakika kuona kama imewaka. Kila ikijaribu kuwaka inakula ile chaji kidogo iliyoingia, inazima, mnarudi mwanzo.

Baada ya hapo ilazimishe kuwaka upya. Kwa Samsung nyingi, shikilia kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti kwa sekunde 10 hadi 20 hivi. Kwa iPad yenye kitufe cha mviringo chini ya skrini, shikilia hicho pamoja na cha juu mpaka nembo itokee. Kwa iPad isiyo na kitufe hicho, bonyeza na uachie haraka kitufe cha sauti kilicho karibu na cha juu, kisha kile kingine cha sauti, halafu shikilia cha juu mpaka nembo ionekane.

Jambo moja zaidi: skrini nyeusi si lazima iwe shida ya chaji. Zima taa chumbani, mulika skrini kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Ukiona picha hafifu, tableti iko hai na taa ya skrini ndiyo iliyokufa. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, na bei yake ni nyingine.

Nianze kupima wapi?

Ukutani. Soketi zetu zina swichi, ekstenshoni ina swichi yake, na ndani ya plagi ya pini tatu kuna fyuzi. Ile ya ekstenshoni ikiungua, vyote vilivyochomekwa hapo vinanyamaza. Chomeka simu unayojua inachaji kwenye soketi ile ile uone. (Na kama nyumba nzima iko giza, angalia tokeni kwanza. Tumewahi kuulizwa.)

Kisha badilisha kitu kimoja kwa wakati. Waya ule ule, kichwa kingine. Kichwa kile kile, waya mwingine. Ukibadilisha vyote pamoja na tableti ikachaji, bado hujui kibovu ni kipi, na utanunua viwili badala ya kimoja.

Chaja ya simu inaweza kuchaji tableti?

Inaweza, ila kwa mwendo wa kobe. Soma maandishi madogo kwenye kichwa cha chaja, pale panapotaja nguvu inayotoka. Zidisha volti kwa ampea upate wati: 5V 1A ni wati 5. 5V 2A ni wati 10. Sasa chukua Galaxy Tab A8, ambayo betri yake ni ya 7,040 mAh (kipimo cha chaji ambayo betri hubeba), yaani kama wati-saa 27. Kwa chaja ya wati 5, hata kusingepotea kitu njiani, ni zaidi ya saa 5, na hupotea, kwa hivyo panga saa 7 hivi. Kwa tundu la USB 2.0 la laptopu, ambalo kwa kawaida hutoa nusu ampea, yaani wati 2.5, utalala uamke bado haijajaa.

Hapo hatujaweka mtoto anayetazama katuni huku mwangaza uko juu kabisa. Inayotoka inaishinda inayoingia, na asilimia zinashuka ilhali alama ya chaji iko pale pale. Wengi huleta tableti ya namna hii wakidhani inaumwa, kumbe ni hesabu tu. Izime kabisa, ichaji saa moja, uone imepanda kiasi gani.

iPad ikichomekwa kwenye chanzo dhaifu inaweza hata kuandika pale juu kwamba haichaji. Haijaharibika. Inataka chaja yake.

Na chaja kubwa ya laptopu, haitaichoma?

Kama ni ya USB-C (taipu-C, kile kichwa bapa kinachoingia upande wowote) na ni ya kuaminika, hapana. Chaja ya wati 65 huanza kwa volti 5, kisha chaja na tableti hukubaliana kabla volti kupanda. Tableti huvuta kile inachohitaji.

Hatari iko kwenye zile tableti za zamani zenye tundu dogo la mviringo la pini nyembamba. Hapo hakuna makubaliano yoyote. Nyingi zinataka volti 5, lakini adapta ya volti 9 au 12 yenye pini inayolingana itaingia vizuri kabisa, na chipu ya chaji ndiyo italipa. Kama uko na kikapu cha adapta za zamani nyumbani, soma kila moja kabla hujaichomeka.

Waya wangu hauna shida, unachaji simu vizuri. Mbona tableti inaukataa?

Hili ndilo swali linalozua ubishi mwingi kuliko yote, na jibu liko kwenye shaba usiyoiona. Waya wa bei ya chini huwa na nyuzi nyembamba ndani, na nyuzi nyembamba zina ukinzani mkubwa, yaani huizuia stima kupita. Tuseme waya una ukinzani wa nusu omu kwenda na kurudi. Simu ikivuta nusu ampea, robo ya volti inapotea njiani, na simu haisemi neno. Tableti ikitaka ampea 2 kwa waya huo huo, volti nzima inapotea. Ilitarajia 5, inapata 4, inaona chanzo ni dhaifu na kupunguza mvuto au kukataa kabisa. Kwa hivyo "unachaji simu" si ushahidi kwamba waya ni mzima.

Waya zinazouzwa zikiwa zimetandazwa kwenye lami si zote mbaya, lakini kwa tableti mimi huchagua mfupi na mnene, wa mita moja, kuliko mrefu wa kuvutia. Kichwa cha waya kikipata moto wakati wa kuchaji, utupe waya huo.

Kama nyumbani kuna vifaa vingi, nunua mita ya USB. Ni kidude kidogo chenye skrini yake, kinachokaa kati ya chaja na waya na kuonyesha volti na ampea. Maduka ya vipuri Luthuli Avenue huwa nacho. Chomeka tableti ikiwa na chaji ndogo, usome. Volti 5.1 na ampea 1.8: kila kitu kiko sawa, subiri tu. Ampea 0.4: waya au chaja ni dhaifu, badilisha. Ampea 0.00 hata kwa waya mzuri: shida iko kwenye tundu au ndani ya tableti. Ampea zinazoruka juu na chini ukigusa waya: tundu limelegea. Kwa kusoma hivyo umeshafanya nusu ya kazi ya fundi, na ukienda kwake utazungumza naye mkielewana.

Inachaji kwa waya wa USB wa kawaida lakini si kwa ule wa taipu-C pande zote mbili. Kwa nini?

Chaja yenye tundu la taipu-C haitoi nguvu mpaka itambue kwamba kuna kifaa upande wa pili. Inatambua kwa vipingamizi viwili vidogo vya kilo-omu 5.1 vinavyopaswa kuwa kwenye bodi ya kifaa. Watengenezaji wa baadhi ya tableti za bei nafuu huviacha. Chaja inasubiri salamu isiyokuja. Waya wa kizamani, ule wenye kichwa kipana upande wa chaja, hauna masharti hayo. Tableti yako haijaharibika, imezaliwa hivyo. Tumia waya wa kichwa kipana maisha yake yote.

Nitasafishaje tundu bila kuliharibu?

Polepole, na tableti ikiwa imezimwa.

Tableti nyingi hubebwa kwenye mifuko ya shule na mikoba, na tundu huokota nyuzi za nguo, makombo ya biskuti, makapi ya penseli na lile vumbi jekundu la barabara za mtaani. Kila ukichomeka waya unausukuma uchafu huo ndani zaidi, mpaka unashikana na kuwa kizibo kigumu. Dalili yake ni kwamba kichwa cha waya hakifiki mwisho. Kinabaki nje kama milimita moja, kinachezacheza, na ule mlio wa "tik" wa kukaa sawasawa husikii tena. Ukiona hivyo, usisome mambo ya betri kwanza.

Mulika ndani kwa tochi ya simu. Chukua kijiti cha meno cha mbao, kichonge ncha iwe bapa na nyembamba. Kwenye taipu-C kuna ulimi mwembamba katikati unaobeba pini. Huo usiuguse kwa nguvu. Pitisha kijiti kati ya ulimi na ukuta, kifike mwisho, kisha kivute nje kama unayekwangua. Kwanza hutoka vumbi kidogo na unadhani umemaliza. Endelea. Kizibo chenyewe hutoka baadaye, cha kijivu, wakati mwingine kwa kipande kimoja. Geuza tableti tundu litazame chini, ligonge taratibu kwa kiganja, mulika tena.

Sindano, pini ya nywele na kipande cha waya ni marufuku, kwa kuwa chuma kikiunganisha pini mbili kinaweza kufanya shoti. Usipulize kwa mdomo pia, mate ni maji. Spiriti ya vidonda nayo ina maji ndani. Mafundi hutumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 kwa brashi laini, na huacha ikauke kabla ya kuchomeka chochote.

Inachaji nikishikilia waya kwa pembe fulani tu.

Ukishasafisha na bado inafanya hivyo kwa waya mbili tofauti, tundu limelegea kwenye bodi au pini zake zimechakaa. Tundu la maikro-USB, lile la zamani linaloingiza waya upande mmoja tu, ndilo hulegea zaidi. Sababu kubwa ni kutumia tableti ikiwa kwenye chaji huku waya umekunjwa dhidi ya goti au mto. Usiendelee kuufunga kwa raba bendi au kuukandamiza kwa kitabu. Mguso uliolegea hupata joto, na joto hilo huunguza hata bodi iliyo chini yake. Tundu peke yake ni kazi ndogo kwa fundi. Tundu pamoja na bodi iliyoungua si kazi ndogo.

Imemwagikiwa chai. Niiweke kwenye mchele?

Mchele upike. Haunyonyi maji yaliyo ndani ya tundu kwa maana yoyote, na unga wake huingia mle mle. Apple yenyewe mwaka 2024 iliwaambia wenye iPhone wasifanye hivyo.

Ichomoe, izime, igeuze tundu litazame chini, iache mahali penye hewa. Usiichomeke "kuona tu". Umeme ukipita kwenye pini zenye unyevu hula metali yake, na ndipo unaona ule ukungu wa kijani au mweupe. Chai ya maziwa na sukari ni mbaya kuliko maji matupu kwa sababu hukauka ikaacha gundi, kwa hivyo hiyo ilete ifunguliwe na kusafishwa hata kama inaonekana imepona. Kama ni unyevu mdogo tu na skrini inakuonya kuhusu tundu, subiri saa kadhaa, onyo litaondoka lenyewe. Likikaa siku nzima na tundu ni kavu, kuna uchafu au kutu ndani.

Inafika asilimia 80 inakwama.

Ingia kwenye mipangilio ya betri. Samsung na wengine wana kinga inayosimamisha chaji kwenye 80 au 85 ili betri idumu. Mtu aliiwasha, labda wewe mwenyewe. Iache, ni nzuri.

Tuliiacha kwenye gari juani na sasa haitaki kuchaji.

Ipoe kwanza. Seli za lithiamu kwa kawaida hazichajiwi zikizidi nyuzi 45 hivi, na tableti hukataa kwa makusudi. Nairobi si Lodwar, lakini gari lililofungwa madirisha mchana wa Februari linapita hapo bila shida. Iweke kivulini, itoe kwenye kava. Friji hapana: ukiitoa, unyevu unageuka matone ndani.

Stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo, na tangu hapo kimya.

Stima yetu ni ya volti 240, na chaja nyingi zimeundwa kwa 100 hadi 240, kwa hivyo kupanda na kushuka kidogo si neno. Kile kishindo cha kurudi ndicho kinachoua. Habari njema ni kwamba kichwa cha chaja mara nyingi hufa kwanza na kuiokoa tableti. Jaribu chaja nyingine kabla ya kulia. Chaja ikinuka kuungua au ikiwa na doa la kahawia, usiijaribu tena, hata kwa simu.

Stima ikipotea, chomoa. Kinga ya friji inayochelewesha stima kwa dakika chache inaweza kukaa pia mbele ya ekstenshoni ya chaja.

Skrini imeanza kuinuka pembeni na kava halifungi.

Betri imevimba. Acha kuchaji leo, sasa hivi. Izime, iweke juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na pazia na godoro, na usiikandamize skrini irudi. Gesi iko ndani ya kifuko laini, na kifuko hicho kikitobolewa kinaweza kuwaka. Ukiileta mjini, isiwe chini ya begi lililobanwa kwenye matatu, ibebe mkononi. Hapa betri ina hatia kweli, na hakuna dawa ila kuibadilisha.

Tableti za shule zilifungiwa stoo likizo yote. Nusu hazitaki kuamka.

Hili hutujia kila Januari. Shule za msingi za umma zilianza kupata tableti za serikali mwaka 2016, na za binafsi zina zake, lakini stoo ni zile zile. Tableti iliyozimwa bado hutumia chaji kidogo, na iliyofungiwa ikiwa na asilimia 3 mwezi wa Novemba itakuwa imeshuka hadi pale ambapo saketi ya ulinzi hukata. Zichaji kwa makundi, usiku kucha mtu akiwepo, kwa chaja za wati 10, na si chaja kumi kwenye ekstenshoni moja nyembamba. Nyingi zitaamka. Zisizoamka, fundi mwenye mashine ya kusukuma volti moja kwa moja kwenye betri anaweza kuziokoa baadhi, ingawa betri iliyokaa chini ya volti 2 kwa muda mrefu mimi nisingeirudishia mtoto.

Likizo ijayo zihifadhi zikiwa karibu na asilimia 50.

Nitajuaje fundi hanidanganyi?

Tazama anaanza na nini. Fundi anayekuuliza imeanza lini, akamulika tundu, akachomeka mita, akaandika jina lako, mwache aendelee. Anayetaja bei ya betri kabla hajaigusa tableti, msalimie uende zako. Kati ya Luthuli na River Road hakuna uhaba wa mafundi.

Akishaifungua, mambo ya kupima yana mpangilio wake. Volti kwenye tundu: je, 5 inafika? Volti kwenye betri kwa multimita, kile kipimo cha umeme cha fundi: 3.7 inaonyesha iko hai, sifuri inaonyesha kinga imekata au seli imekufa. Kisha fleksi (utepe mwembamba wa nyaya) au bodi ndogo ya chaji, ambayo kwenye tableti nyingi hubadilishwa yenyewe bila kugusa bodi kuu. Chipu ya chaji huja mwisho, na hiyo si kazi ya kila fundi. Muombe akuonyeshe namba kwenye multimita. Hahitaji kukasirika.

Kipuri cha zamani ni chako, kidai. Nakili picha na faili zako mapema kama bado inawaka, na usimwachie namba ya siri kama kazi ni ya betri tu. Ikiwa tableti iko kwenye dhamana, au bado unailipia mdogo mdogo, usiifungue mtaani hata kwa dakika moja. Irudishe ulikoinunua na risiti.

Betri ya kubadilisha, orijino au ya kawaida?

Orijino za modeli za zamani ni adimu, na stika ya "orijino" huchapishwa na yeyote. Angalia namba ya modeli ilingane, tarehe ya kutengenezwa isiwe ya miaka mingi nyuma, na uwezo usiwe wa miujiza. Betri yenye ukubwa ule ule na ya zamani haiwezi kubeba mara mbili yake. Ikiandikwa 15,000 mAh mahali pa 7,000, anayedanganywa ni wewe. Omba dhamana ya maandishi, hata ya miezi mitatu, na iandikwe palepale dukani.

Ile iliyotolewa niitupe wapi?

Si kwenye pipa la jikoni. Lori la taka likiibana inaweza kushika moto. Ziba ncha zake kwa selotepu, iweke peke yake kwenye mkebe usiofungwa kabisa, kisha ipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, kama WEEE Centre hapa Nairobi. Iliyovimba waambie mapema kabla hujafika nayo.